Majina Yasiyofungwa

Mlango wa chumba cha majalada ulijifunga saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwa kishindo kimoja kizito cha chuma, na wanawake wawili waliokuwa ndani wakatazamana.

"Tofali liko wapi?" Fundi aliuliza.

Mama mkwe wake aliacha kufagia. Alikuwa ameshika fagio, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa na ushahidi mkononi.

"Nimelitoa," alisema. "Wageni wa makao makuu wako hapa leo. Wakute tofali mlangoni kama tunafuga kuku?"

Hospitali nzima ilijua habari za kitasa kile. Kilikufa mwaka juzi. Mlango ukijifunga, haufunguki kwa ndani wala kwa nje, mpaka aitwe fundi vyuma aje akikate. Uongozi ulikaa kikao, ukajadili, na badala ya kununua kitasa kipya ukatoa tofali. Tofali hilo lilishikilia mlango miaka miwili bila likizo, likafanya kazi kuliko baadhi ya watu wenye ofisi na feni. Wauguzi waliliruka, madaktari walijikwaa, hakuna aliyethubutu kulisogeza. Kulisogeza kwa ajili ya usafi, hilo lilimsubiri mwanamke mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa amesimama pale na fagio lake.

Fundi alicheka kidogo, kwa adabu. Mtu hamcheki mama mkwe wake kwa sauti, hata kama wamefungiwa pamoja.

"Usijali, Mama. Mlinzi atapita."

"Atapita, ndiyo. Yule kwa kupita hajambo. Kusimama ndiyo kazi."

Fundi huyu hakuwa wa mabomba wala wa umeme. Alikuwa wa kompyuta, na hospitali nzima ilimwita hivyo, hata waliokuwa wakilijua jina lake. Alikuwa ameolewa na mtoto pekee wa Karani wa majalada, na ni Karani huyo aliyeingia ofisini kwa Meneja miaka mitatu iliyopita akasema, bila kuketi, "Huyu mchukueni. Dhamana ni mimi." Basi wakamchukua. Tangu siku hiyo Fundi alifanya kazi jengo moja na mama mkwe wake, jambo ambalo huwezi kumwombea adui. Akichelewa dakika tano asubuhi, Jumapili mezani angeulizwa kwa upole kama siku hizi watoto wanasumbua kuamka. Mbele ya watu Karani alimwita Fundi, kwa heshima ya kazi. Wakiwa wawili alimwita mwanangu.

Chumba kilikuwa kikavu na kitupu. Rafu za chuma zilipanda hadi darini, na juu yake hakukuwa na kitu ila vumbi lililoonyesha mahali bahasha zilipokuwa zimekaa. Miaka thelathini na moja Karani alizipanga hapo picha za eksirei za wagonjwa, kila picha na bahasha yake. Sasa zote zilikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta na zile za asili zimeharibiwa, na wao wawili walikuja tu kutia sahihi kwamba chumba ni kitupu. Dirisha halikuwapo. Kulikuwa na taa moja, saa ya ukutani, kigoda kirefu cha kufikia rafu za juu, na vitundu vya hewa juu ya mlango. Simu hazikuwapo pia. Sheria ya chumba kile ilikataza simu kwa ajili ya siri za wagonjwa, na Karani alikuwa ameisimamia hata kwa madaktari bingwa, sembuse kwa mke wa mwanawe.

"Basi ngoja nikuonyeshe kitu," Karani alisema, akakaa kwenye kigoda na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwisho wa mwezi naondoka. Sikutaka niondoke na kazi nusunusu. Leo nimekuja saa kumi na mbili na nusu, nimeketi kwenye ile kompyuta yenu, nimemaliza nyota zote."

"Nyota gani, Mama?"

"Nyota zangu! Daktari wa upasuaji si anakuja wiki ijayo? Anakuja mara mbili tu kwa mwaka, na kila akija lazima wanaomsubiri wawe juu. Kwenye bahasha nilikuwa naweka nyota nyekundu, pembeni ya jina. Sasa bahasha hakuna. Nikasema, nitaweka kwenye jina la picha humo humo. Arobaini na moja. Tazama, zote zimepanda juu kabisa, zinaonekana."

Fundi aliichukua karatasi. Ilikuwa orodha iliyochapishwa, nadhifu kama kila kitu cha Karani. Juu kabisa yalikuwapo majina arobaini na moja, na mbele ya kila jina palikuwa na kinyota, kisha nafasi, kisha jina lenyewe lenye vistari katikati.

Kijasho chembamba kilimtoka.

"Mama, hapa baada ya nyota. Umeacha nafasi."

"Ndiyo."

"Si tulikubaliana hakuna nafasi? Kila mahali kistari."

"Kwenye jina," Karani alisema, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto. "Katikati ya jina naweka kistari, kama ulivyotuagiza. Nyota si jina, mwanangu. Nyota ni alama. Mtu haitwi Nyota-kistari-fulani."

Hakuwa na kosa. Kwa mtu aliyetumia maisha yake akiandika kwenye bahasha, alikuwa sahihi kabisa.

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika thelathini na mbili. Saa nne kamili, Mnyororo ungeanza wenyewe.

Mnyororo ni jina waliloipa programu yake. Picha ya zamani iliingia upande mmoja, ikageuzwa, ikatokea upande wa pili katika muundo mpya ambao mitambo ya hospitali kuu iliweza kuusoma. Fundi aliuandika mwenyewe. Kwa kila picha, Mnyororo ulitunga sentensi fupi na kuikabidhi kompyuta itekeleze: geuza picha ya fulani, kisha futa ile ya zamani ya fulani. Ilibidi kufuta, kwa sababu diski zilikuwa ndogo. Awamu kumi na mbili zilikuwa zimepita salama. Leo ilikuwa ya mwisho, picha elfu sita mia mbili na kumi na nne, na Meneja alikuwa amewaalika wageni wa makao makuu waje waione ikianza.

Sasa, kompyuta haijui kwamba fulani ni mtu. Inasoma sentensi neno kwa neno, ikikata kila inapokuta nafasi. Ukitaka ijue kwamba hapa ni jina, ilichukue lote kama lilivyo bila kulichambua, unalifunga kwa alama za nukuu, mbele na nyuma. Ni jambo la kwanza analofundishwa mtu katika kazi ile. Jina lisilofungwa, kompyuta italisoma kama sehemu ya amri. Na kinyota kikisimama peke yake ndani ya amri, maana yake ni moja tu, kila kitu kilichomo humu.

Futa kila kitu kilichomo humu. Ndivyo sentensi ya kwanza ingesomeka saa nne kamili, kwani nyota hutangulia herufi zote, na faili la kwanza kuingia lingekuwa la nyota. Nusu ya kwanza ya sentensi ingeshindwa, na nusu ya pili isingengoja kuuliza. Ingechukua muda wa kupiga chafya. Diski ya akiba ilikuwa imejaa mwezi wa pili, ikageuzwa kuwa diski ya kazi, na filamu za asili zilikuwa zimekwisha kuwa taka. Wagonjwa elfu sita, na wale arobaini na mmoja waliosubiri kisu cha daktari, wasingekuwa na picha hata moja duniani.

Na Fundi alijua kwamba majina hayakufungwa. Alijua tangu miezi mitano iliyopita, kwa sababu ni yeye aliyezitoa zile alama.

Mwanzoni alizifunga vizuri tu. Kisha ukaja ukoo wenye ng' ndani ya jina lake, na kile kialama kidogo cha katikati ya jina kikafanana na alama ya kufungia. Kompyuta ikadhani jina limekwisha pale pale, Mnyororo ukakwama siku mbili. Meneja alisimama nyuma ya kiti chake akipumua. Dawa sahihi ilikuwapo. Kila jina lipitishwe kwanza kwenye kifungu cha programu kinacholifunga ipasavyo pamoja na vialama vyake vya ndani. Kazi ya nusu siku, na siku moja ya majaribio. Dawa ya haraka ilikuwa kuondoa alama zote za kufungia, kuviondoa vialama kwenye majina, na kuwaagiza makarani wasiache nafasi. Alichukua ya haraka. Akajiambia Jumatatu atarekebisha. Jumatatu ikaja na mambo yake. Kisha ikaja fomu ya ukaguzi, yenye mstari ulioandikwa: Je, majina yote yamefungwa kabla ya kuingizwa kwenye amri? Fundi alitia tiki kwenye ndiyo, akiwa na nia njema kabisa ya kuifanya iwe kweli wiki ile ile.

Alianza kuupiga mlango kwa viganja.

"Taratibu," Karani alisema. "Atapita tu."

"Lazima nitoke, Mama. Sasa hivi."

"Una nini? Umebanwa?"

Fundi aligeuka. Alichukua kopo la kalamu la bati lililosahauliwa kwenye rafu ya chini, akaugonga mlango kwa hilo, na mlio wake ulimuumiza masikio yeye mwenyewe. Saa tatu na dakika thelathini na nane, sauti ya Mlinzi ilisikika upande wa pili.

"Nani huyo anavunja mali ya umma?"

Fundi alipanda kwenye kigoda, akaweka mdomo kwenye vitundu vya hewa. "Ni mimi! Mlango umejifunga!"

"Haiwezekani. Kuna tofali."

"Limetolewa!"

"Nani ametoa tofali?"

"Mzee wangu, nisikilize. Nenda kwa Meneja. Mwambie asimamishe Mnyororo. Usianze. Ufunguo wa chumba cha mitambo anao yeye."

"Na fundi vyuma nimwite?"

"Mwite baadaye! Kwanza Meneja. Kimbia!"

"Kukimbia na goti hili," Mlinzi alisema, lakini hatua zake zilisikika zikiondoka, moja nzito na moja nyepesi.

Karani alikuwa akimtazama kutoka chini. "Kwa nini usianze?"

"Kuna kitu nimesahau kurekebisha. Kidogo tu."

Uongo ule ulikuwa mdogo na ulitoka bila shida. Fundi alishuka, akakaa sakafuni, akasimama tena. Zile kuta zilimkaa kifuani. Alitembea hatua nane hadi mwisho wa rafu, hatua nane kurudi. Alijaribu kitasa, ingawa alijua. Alijaribu kupenyeza vidole pembeni ya mlango hadi ukucha ukavunjika. Ni jambo la kijinga kuliko yote, kukaa hatua hamsini kutoka kwenye waya ambao ukiuchomoa tu mambo yanakwisha, na usiweze kuugusa.

Saa tatu na dakika arobaini na saba Mlinzi alirudi, akihema.

"Meneja anauliza kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini asimamishe. Anasema yuko na wageni, hawezi kusimamisha kitu bila sababu."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akaona kwa pembe ya jicho Karani amekaa na fagio mapajani, kichwa kimeinama kidogo, akisikiliza.

"Mwambie... mwambie mtambo umepata joto sana. Unaweza kuungua."

"Joto?"

"Joto!"

Mlinzi akaenda. Fundi alishika vitundu vya hewa kwa vidole viwili na kuhesabu dakika. Alijichukia waziwazi, bila mapambo. Alijua kwamba Meneja ni mtu wa kwenda kugusa mwenyewe.

"Amegusa," Mlinzi alisema aliporudi. Saa tatu na dakika hamsini na nne. "Anasema ni baridi kama pua ya mbwa. Anasema usimwaibishe mbele ya wageni, na fundi vyuma amekwisha kuitwa, utulie."

Dakika sita. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kushoto palikuwa na ukuta, kulia ukuta, na nyuma yake mtu aliyesema dhamana ni mimi. Fundi alifumba macho.

"Mwambie hivi," alisema kwa sauti ya juu. "Majina hayajafungwa."

"Hayajafungwa. Kama mlango?"

"Majina ya picha! Niliondoa alama za kuyafunga. Mnyororo ukianza, utafuta picha zote. Zote elfu sita. Na hakuna nakala."

"Atasema wewe mwenyewe uliandika kwenye ile fomu kwamba yamefungwa. Aliibandika ukutani, nimeisoma mwenyewe, zamu ni ndefu."

"Niliandika uongo."

"Umesemaje?"

"Nilitia tiki ya uongo! Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Fundi amesema alitia tiki ya uongo!"

Mlinzi hakuuliza tena. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikimbia. Walimsikia akiburuza lile goti mpaka mwisho wa ukumbi.

Fundi alishuka kwenye kigoda. Hakuweza kugeuka, basi akabaki ameutazama mlango, rangi yake ya kijivu na kutu pembezoni. Nyuma yake karatasi ilikunjuliwa, ikakunjwa.

"Ni nyota zangu," Karani alisema.

"Hapana, Mama."

"Usinidanganye mara mbili kwa siku moja. Umeiona orodha, ukatoka jasho. Nyota zangu ndizo zitakazofuta."

"Nyota hazina kosa. Ningeyafunga majina, ungeandika chochote unachotaka. Ungechora hata ua. Kompyuta ingelichukua jina na nyota yake na nafasi yake, ingepita salama."

"Na hukuyafunga."

"Sikuyafunga."

"Miezi mitano. Na kila asubuhi unanisalimia."

Saa ya ukutani ilisogea. Dakika moja kabla ya saa nne, kisha saa nne yenyewe, na hakuna kilichosikika. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kufutwa hakuna mlio. Picha elfu sita zingeweza kuondoka wakati ule ule wao wawili wamesimama pale wakipumua, na taa isingepepesa hata mara moja. Fundi aliegemea rafu na kuomba kimoyomoyo, akiahidi mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuyatimiza. Karani hakuomba. Alianza kutaja wale arobaini na mmoja, mmoja mmoja, bila kutazama karatasi, akimtaja kila mtu kwa ugonjwa wake: yule mwenye nyonga, yule binti wa uti wa mgongo, yule dereva, mama wa mapacha mwenye kivuli kwenye pafu la kushoto, ambaye picha yake ya mwaka juzi ndiyo pekee ingeonyesha kama kivuli kimekua. Fundi alitamani kuziba masikio.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tatu waliposikia viatu vya Meneja. Viatu vyake vilijulikana, vilikuwa na visigino vya kiungwana.

"Mmo humo?" aliuliza, swali la ajabu kidogo.

"Tumo," Karani alijibu.

"Nimechomoa waya. Dakika moja kabla. Picha zote zipo."

Fundi alikaa sakafuni pale pale kwenye vumbi, akalia kama mtoto, mikono usoni. Picha zipo. Kwa muda ule hakutaka kitu kingine chochote, si kazi, si jina zuri, si mlango kufunguliwa.

Lakini Meneja hakuondoka. Alisogea karibu na vitundu, na sauti yake ikashuka.

"Sikilizeni. Wageni nimewaambia ni umeme. Wanakunywa chai. Lakini lazima niandike kitu, na mambo ya fomu yakifika makao makuu, hatupati tena fedha za mradi wowote. Nimefikiri. Kilichotokea ni kwamba karani aliweka alama zisizoruhusiwa kwenye majina. Hiyo ni kweli, si ndiyo? Mama, wewe unastaafu mwisho wa mwezi. Barua ya onyo haikufanyi lolote. Fundi atarekebisha mchana huu, kesho tunaanza upya. Yule mzee wa goti nimekwisha kuongea naye. Mnaonaje?"

Fundi aliondoa mikono usoni.

Neno lilikuwa moja tu, hapana, nalo ni jepesi, hata mtoto anayeanza kusema huanza na hilo. Alikuwa amekwisha kulisema jambo zima kwa kelele, juu ya kigoda, nusu saa haijapita. Lakini wakati ule alisukumwa na saa. Sasa saa haikumsukuma. Alifikiria kodi ya nyumba, karo, mumewe ambaye kazi yake ilikuwa ya msimu. Alifikiria kwamba ataongea baada ya mlango kufunguliwa, kwa utulivu, ofisini. Alikuwa hodari wa kufikiria Jumatatu. Mdomo wake ulikuwa mzima, ulimi ulikuwapo, na havikufanya kazi.

Karani alimtazama. Hakumkazia macho, alimtazama tu, kama anayengoja mtu amalize kuvaa viatu watoke pamoja. Alingoja muda mrefu. Meneja alikohoa nje.

"Sawa," Karani alisema hatimaye, bila kuondoa macho kwa mke wa mwanawe. "Niletee karatasi nitaandika maelezo yangu."

"Ahsante, Mama. Nilijua utaelewa."

Fundi alihisi nafuu, na nafuu ile ilimchefua. Alisogea kutaka kumshika mama mkwe mkono. Karani aliuondoa mkono bila hasira, akachukua fagio, akafagia mahali ambapo Fundi alikuwa amekaa.

Fundi vyuma alichukua dakika ishirini. Cheche ziliruka ndani, harufu ya chuma kilichoungua ikajaa, na hakuna aliyeweza kusema neno kwa ile kelele. Kisha kitasa kilidondoka na mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, na mwanga wa ukumbi ukaingia hadi kwenye rafu za mwisho. Meneja alikuwa amesimama na karatasi juu ya ubao wa kuandikia, na kalamu.

Karani hakutoka. Aliketi kwenye kigoda, akaweka ubao mapajani, akaandika. Aliandika kwa mwandiko ule wa zamani, herufi zikisimama wima, bila kukata hata neno moja. Alipomaliza aliandika jina lake chini, lakini hakumpa Meneja. Alimpa Fundi, pamoja na kalamu.

Fundi alisoma.

Mimi, karani wa majalada, leo asubuhi nimeweka nyota kwenye majina arobaini na moja ya wanaosubiri upasuaji, kama nilivyofanya kwa miaka thelathini na moja. Sikuambiwa kuwa ni hatari. Mke wa mwanangu hakuyafunga majina, na alitia tiki kuwa ameyafunga. Alisema hivyo mwenyewe saa tatu na dakika hamsini na nne, mbele yangu na mbele ya mlinzi, na kwa kusema hivyo picha zimepona. Saa nne na robo alipewa nafasi ya kusema tena, akanyamaza.

Meneja alikuwa amesoma kupitia begani kwake. "Mama, hatukukubaliana hivi."

"Wewe ulikubaliana. Mimi niliomba karatasi."

"Unajua unamfanya nini mtoto wako mwenyewe?"

"Ninajua," Karani alisema, na hapo tu sauti yake ilitetemeka. "Lakini sijawahi kuweka kitu cha uongo kwenye jalada la mtu, baba. Sitaanza na lake."

Fundi aliisoma sentensi ya mwisho tena. Haikuwa na tusi wala lawama. Alitafuta ndani yake kitu cha kukataa, hakukipata. Machozi yalikuwa yamekwisha kule sakafuni, hivyo alibaki na macho makavu.

"Ukitia sahihi hapo," Meneja alimwambia kwa sauti ya chini, "mimi sina la kukusaidia. Makao makuu watakuita, na hawatakuita kukupongeza."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kutoka, kupita kati yao, kwenda hadi kwenye geti na kuendelea. Fundi alipiga goti kando ya kigoda, akaweka ubao juu ya paja la mama mkwe wake kwa kuwa hapakuwa na meza, akaandika jina lake lote chini ya lile la mwanamke aliyemdhamini. Akatia sahihi.

Karani aliinama akakagua, kama alivyokagua kila karatasi iliyopita mikononi mwake.

"Andika na saa," alisema.

Fundi akatazama ukutani, akaandika saa nne na dakika arobaini na tano. Mkono wa mama mkwe wake ulitua mgongoni kwake na kubaki hapo, mzito, mpaka alipomaliza.